Kabla Radio Haijakuambia

Muheto, Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Kaka yangu mupendwa Athanase,

Ninakusalimia na mapendo yote ya nyumba. Afya yako iko namna gani? Na Gaëlle, alipona ile malaria? Watoto wanasoma vizuri huko Kinshasa? Sisi huku tuko wazima. Magoti ya Mama yanamusumbua wakati wa mvua, lakini bado anapanda shamba la juu mwenyewe, na muntu akimwambia apumzike anakasirika. Maharagwe yamechanua. Mihogo ya upande wa Kalembe iliguswa na ugonjwa, lakini chakula hakitakosa.

Ninakuandikia kwa mukono kwa sababu simu yako sasa inajibiwa na sekretere. Yuko na adabu sana, ananiita Madame, anasema Honorable yuko mu mukutano. Padri Déo anakuja huko kwa kazi ya parokia, yeye njo atakupatia barua hii mikononi mwako.

Kampanye haijaanza, lakini picha zako zimekwisha kubandikwa kutoka Sake mpaka kwetu, na maneno makubwa ya kuomba muhula wa pili wa ubunge. Mama alisimama mbele ya moja pale sokoni. Alisema umekonda. Kisha akapangusa matope kwenye uso wako na kitenge chake, watu wakimuangalia, na hakuna aliyecheka.

Sasa nikuambie habari ya daraja. Ile ya mbao ya muto wa chini, ile uliahidi kubadilisha tulipokuchagua, ilibebwa na maji mu mwezi wa kumi. Nilipiga simu, nikamwambia sekretere. Sijui kama ilikufikia.

Unamukumbuka Valens, jirani yetu, mulikuwa munachunga mbuzi pamoja. Muke wake Uwamwezi alishikwa na uchungu asubuhi moja ya mvua. Tulimubeba katika ngobi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa, kwenda kituo cha afya, wanaume wakipokezana mabega, mimi na Mama Emérita, anayeongoza wamama wa parokia, tukitembea pembeni. Tulipofika ku muto, maji yalikuwa mekundu na yamepanda mpaka migombani. Tuliita watu wa ngambo, walitusikia, lakini hawakuwa na namna ya kuvuka. Mutoto alizaliwa pale ku ukingo, chini ya shitingi ya plastiki tuliyoshikilia juu yake. Musichana, muzuri, na hakulia. Mama Emérita alimupulizia, akamusugua mugongo, akamuita kwa majina yote ya watakatifu aliyoyajua. Hakulia, kaka.

Uwamwezi amepona, Mungu ashukuriwe. Tulipotoka kumuzika mutoto, Valens alinishika mukono. Nilifikiri atakulaani. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini: «Dada, Athanase anajua kama daraja imeanguka?» Tangu siku ile swali hilo linalala na mimi.

Juma lililofuata, Mama Emérita na mimi tuliita watu wa milima yote miwili, ya huku na ya ngambo. Wengine walikata miti, wengine walivuta kamba, watoto wa darasa langu walibeba mawe. Tuliweka magogo. Gari haiwezi kupita, lakini muntu anayebebwa anaweza.

Nyuma ya kazi tulikaa mu kanisa. Papa Kanyamibwa alisimama na hasira, akasema gari yako ikija ipigwe mawe, tena nyumba ya Mama isisalimiwe. Hapo Mama akasimama. Alisema: «Mutoto wangu si mubaya. Amekaa mbali sana, amesahau namna matope iko.» Kanyamibwa mwenyewe alikwenda kumuomba musamaha. Kisha Mama Emérita akasema kwamba yeye hataki kutukana muntu, anataka depite anayevuka muto ule ule tunaovuka sisi. Akanigeukia, na kanisa lote likanigeukia.

Nilikataa. Niliwaambia kwamba wewe njo ulinibeba mugongoni tulipokimbia vita mpaka Shasha, nikiwa na homa, na kwamba ulikaa na njaa ili mimi nikule. Wewe njo ulinisomesha mpaka nikawa mwalimu. Walisikiliza wote. Papa Nzabonimpa, yule mukatekista, alijibu pole pole kwamba hakuna anayeniomba niache kukupenda.

Kaka, nimeweka kandidatire yangu ya ubunge. Jina langu litakuwa ku karatasi moja na lako.

Nililia mbele ya kwenda, na nililia nilipotoka. Mama alikuwa anachagua maharagwe nilipomwambia. Aliendelea kuchagua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema: «Uende. Lakini wewe mwenyewe umwambie kaka yako. Asisikie ku radio.» Njo sababu ya barua hii.

Sikufanya kwa chuki, wala kwa kutafuta ukubwa. Jina lako halitatoka kinywani mwangu vibaya, na anayekutukana katika mukutano wangu nitamunyamazisha. Ukishinda, nitakuja wa kwanza kukupongeza, na siku ya pili nitakupeleka ku muto kwa mukono. Nikishinda mimi, nitakuhitaji unionyeshe njia za Kinshasa, maana sijui hata pa kuingilia.

Ukikasirika, kasirika, lakini ukuje. Usilale ku hoteli ya Masisi. Chumba chako kimefagiwa. Asubuhi kila mumoja atakwenda ku mukutano wake, na jioni tutakula sahani moja. Mama amekwisha kusema kwamba ndani ya nyumba yake hakuna kampanye.

Umusalimie sana Gaëlle, uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakutumia baraka zake. Mimi pia ananibariki kila asubuhi, kwa maneno yale yale, nimesikiliza vizuri. Wamama wakimuuliza atachagua nani kati ya watoto wake, anajibu kwamba nyuma ya lile pazia la kura ataingia na Mungu, na wote wawili watatoka wamenyamaza.

Mimi, mudogo wako anayekupenda,

Libérata