Meza ya Kioo ya Mama Yako

Mpwa wangu,

Mtaa huu hauna fundi wa kunifikia. Hata wahandisi huja kuniomba ushauri. Majuzi nilimjengea mama yako meza ya kioo kwenye karakana yake ya ushonaji, pana kuliko kitanda, taa zimejaa chini yake, ili akinakili michoro ya nguo aone mistari kupitia kitambaa. Unajua macho yanavyomsumbua. Nilipoiwasha, majirani walidhani jua limehamia kwetu.

Mama yako aliinama, akapapasa kioo, akauliza, "Kaka, utawasha lini?"

Taa zote zilikuwa zinawaka.

Nikamjibu, "Bado waya, dada." Mpaka leo nasema hivyo, na kila asubuhi nagongagonga kwa nyundo asikie kazi inaendelea.

Ni mimi mjomba wako