Matundu Kwenye Gitaa la Babu

Nyumbani kwa Bibi,
Te Kaha,
4 Oktoba 1987.

Mpendwa Dada Ngahuia,

Shikamoo. Hujambo huko Sydney, na kifua kimepona ile baridi ya kiwandani? Sisi wazima. Goti la Bibi linamsumbua mvua ikinyesha, na wiki hii imenyesha bila kukoma.

Nimekwisha kukusalimia, sasa niruhusu nikasirike, maana humu ndani sina wa kumwambia.

Mjomba Tame ametoboa gitaa la Babu.

Unakumbuka lilivyo: ndani ni tupu kulia na kushoto, na katikati gogo lililopita toka shingoni hadi kitakoni. Nyuzi zilishikwa na kile chuma kilichofungwa kitakoni, kwa hiyo uso wake haukuwahi kuguswa na skrubu. Mjomba amenunua mkono wa chuma wa kuyumbisha sauti, ule ukiubonyeza nyuzi zinalegea na sauti inatetemeka. Anautaka kwa bendi yake ya Ijumaa. Nilimwambia kwa upole kwamba ipo aina inayofungwa kitakoni bila kutoboa uso, na kwamba hii yake lazima skrubu zote zipate gogo. Akanicheka mbele ya wenzake: "Haya, profesa. Kitabu chako kinasemaje, nivae miwani kwanza?"

Akapima kwa jicho. Skrubu mbili zimepata gogo, mbili zimeangukia kwenye uwazi. Alipokaza nyuzi, chuma kikanyanyuka upande mmoja na uso ukapasuka hadi kwenye tundu la sauti.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba alifanya hayo mchana, mezani jikoni, watu wakipita na vikombe vya chai. Gitaa ni la ukoo mzima, basi kila mtu akadhani mwingine ndiye aliyeulizwa. Mama Mdogo Raiha alidhani Bibi amekubali. Bibi alisikia keekee akiwa chumbani, akadhani wanatengeneza mlango. Mimi nilikuwa shuleni.

Jumamosi tarehe 24 tunafunua jiwe la kaburi la Babu mbele ya ukoo na wageni. Tangu tumzike gitaa halijapigwa, likingoja siku hiyo liimbe kaburini. Sasa uzi mnene ukiguswa unakoroma.

Mama Mdogo aliniomba ninyamaze, ati watu hawagombani wakati wanangoja jiwe. Nikanyamaza. Lakini wakati wa chakula Mjomba akasema Babu mwenyewe angeufurahia huo mkono, kwa jinsi alivyopenda mambo mapya. Dada, unanijua, mimi darasani naona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilisimama.

"Usimsemee Babu," nikamwambia. "Hukumuuliza."

Bibi akaweka uma chini. Hakunikemea mimi.

"Siku ya jiwe utalibeba wewe, Tame," alisema. "Utasimama umwambie baba yako ulichofanya, watu wote wakisikia. Halafu Mereana atalipiga hivyo hivyo lilivyo."

"Mama, hata mbele ya wale wageni wa Ruatoria?"

"Hao hasa."

Nimekifungua kile chuma mwenyewe na kurudisha cha zamani. Mjomba ameleta gundi na rangi ili azibe matundu kabla ya wageni kufika. Nimemnyima gitaa, nalala nalo. Jana akanifuata kwenye kamba ya nguo, safari hii bila utani, akaniomba nimwandikie maneno ya kumwambia Babu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno mazuri. Nikamwambia atafute yake. Alikuwa karibu kulia, nami sikumhurumia, na mpaka sasa simhurumii.

Tafadhali uje. Nitahitaji mtu wa kusimama upande wangu wakati yeye anasema.

Msalimie Shemeji Hemi, na umbusu Pania mashavu yote mawili. Bibi na Mama Mdogo Raiha wanakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, akufikishe kabla jiwe halijafunuliwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mereana