Ulijua, Shaib, Ukaninyamazia

Makorora,
Tanga.
23 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Shaib,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani hapo Wete, na kwamba mvua iliwapa nafasi mkaanua karafuu zikiwa zimekauka. Mie sijambo, alhamdulillahi. Goti ndilo linanisumbua, lakini nikikaa linatulia. Shikamoo zako zote ulizoniachia kwenye simu nimezisikia. Marahaba.

Najua umepiga sana na mie sikupokea. Nimeona bora niandike. Kwenye simu ungenikatiza, ungesema "dada, subiri nikueleze," na mie kama kawaida yangu ningesubiri. Rahimu wa duka la vitambaa anavuka kesho kwa boti. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Sabiri yu hai. Naanza na hilo kwa kuwa ni mwanao, na hata kwa hasira niliyonayo siwezi kukuacha roho juu. Yuko chumba cha mbele, anakunywa uji, kifua bado kinambana akikohoa.

Sasa nikueleze mwenyewe, maana najua umesikia vipande vipande.

Jumamosi ile tulikuwa na hitma ya mama. Sabiri alikuwa amemaliza mitihani ya chuo katikati ya wiki, akaniaga kwamba anakwenda kupumzika kwa wenzake Chumbageni, na kwamba siku ya hitma atafika mapema. Shekhe Mwinyijuma mwenyewe ndiye aliyemwomba asome Yasini. Unaijua sauti ya mwanao. Nilishajisifu mtaa mzima, na kanzu yake niliipiga pasi kwa mkono wangu.

Wageni wakajaa mpaka barazani, pilau likaiva, alasiri ikapita, yeye hayupo. Mara bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka Kristofa, mwenzake wa chuo, yule kijana wa Muheza anayeniletea machungwa kila akitoka kwao. Alikuwa kamshika Sabiri kiunoni. Mie nikadhani malaria.

Sabiri akajitoa mikononi mwake, akavua kiatu kimoja, kingine kikabaki mguuni, akaja kukaa katikati ya wazee. Harufu ilimtangulia, Shaib. Akafungua kinywa, akasema "Bismillahi," akakwama. Akacheka. Kisha akatapika pale pale juu ya mkeka, akaanguka, macho yakageuka meupe.

Watu wazima wote wale wakabaki kutazamana. Shekhe ndiye aliyemlaza kwa ubavu, akamfuta mdomo kwa shali lake mwenyewe, akasema, "Acheni kutazama. Kijana hapumui vizuri. Iteni ile bajaji irudi."

Hospitalini daktari, binti mdogo tu, akaniuliza, "Mama, ana kawaida ya kunywa? Amewahi kufikia hali hii?"

Nikamjibu, "Wallahi mwanangu, huyu hata ladha ya pombe haijui. Labda wamemtilia kitu." Niliapa, Shaib. Niliapa mbele ya daktari anayetafuta namna ya kumwokoa mwanao, na kumbe nampoteza njia.

Kristofa alikuwa nyuma yangu. Akasema, "Mama, nisamehe. Daktari, anakunywa. Tangu mitihani iishe wamejifungia chumbani wanashindana, pombe kali, nani atamaliza chupa bila kuishusha mdomoni, na hawali kitu. Jana alizimia wakamwacha sakafuni, wakasema atazinduka mwenyewe. Alipozinduka wakampa nyingine. Nimepata habari leo nikamfuata. Nilitaka kumleta huku moja kwa moja, akalia, akasema bibi yake anasomewa, lazima aende."

Daktari akaacha kuniuliza mie, akawa anamuuliza yeye. Sukari mwilini ilikuwa imeshuka vibaya, na matapishi yameingia mapafuni. Wakamtia oksijeni. Nilikaa kwenye benchi la nje na kanga yangu ya hitma, nikijiambia kuwa Tanga hii ndiyo iliyomharibu mtoto wa watu, na kwamba sina uso wa kukutazama. Nilikuwa natunga maneno ya kukuomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nikilikumbuka.

Alipopata nguvu ya kusema nikamuuliza, "Mwanangu, nani kakufundisha haya?" Akageukia ukutani. Akasema, "Shangazi, sikuanza hapa. Baba anajua."

Kisha akanieleza. Kwamba kule Unguja kozi haikufungwa kama ulivyonambia. Kwamba walimkuta kazimia bwenini, akatundikiwa dripu, chuo kikamsimamisha, ukaenda wewe kumchukua. Na kwamba mkiwa ndani ya boti kuja kwangu ulimwambia, "Shangazi yako asijue. Akijua hatakupokea."

Hatakupokea. Shaib, mimi? Nani kakwambia hivyo?

Ulikaa barazani kwangu, ukala samaki wa kupaka niliyekupikia kwa kuwa unampenda, na mie nikakuuliza kwa mdomo wangu, "Pana jambo lolote la kijana huyu ambalo yafaa nilijue?" Ukanijibu, "Hapana, dada. Ametulia." Ulinitazama usoni ukasema hivyo. Hukunikabidhi mtoto nimlee. Ulitafuta pa kuficha aibu yako, ukaona kwangu panafaa kwa kuwa sina tabia ya kuchunguza watu.

Ungeniambia, ningejua ule usingizi wake wa Jumapili ni wa nini. Ningejua kwa nini hatoki bila pipi za mnanaa. Jirani yangu Bi Nasra alikuja kunambia amemwona mchana kweupe anashikilia kuta karibu na soko. Nilimfukuza mlangoni. Nilimwita mzushi kwa kuwa nilikuwa na neno lako. Tumekaa tangu Ramadhani hatusalimiani, na nyumba zetu zinagusana. Juzi nilikwenda kwake. Sikumaliza hata sentensi, akanivuta ndani, akasema, "Bi Semeni, kijana anaendeleaje?" Mtu baki huyo. Wewe tumenyonya ziwa moja.

Kwa Shekhe pia nilikwenda. Alinambia hitma ilimalizika vizuri baada ya sisi kuondoka, mama alisomewa, nisiwe na wasiwasi. Watu watasema, watachoka. Hayo si yanayoninyima usingizi.

Sabiri haondoki hapa. Usimfuate kumhamishia kwa mtu mwingine ambaye naye hajui. Pale hospitali kuna mshauri anayezungumza naye kila baada ya siku mbili. Mara nyingine anarudi macho mekundu, lakini anakwenda kwa miguu yake. Jana alitoa ule mkeka uani akausugua kwa sabuni, watu wanapita wanamwona, hakuinua kichwa wala hakuuacha. Mie nilikuwa dirishani, sikumsaidia. Wale wa kushindana chupa hakuna hata mmoja aliyekuja kumjulia hali. Kristofa anakuja.

Sabiri simfichi kwamba nina hasira na baba yake. Kanambia, "Shangazi, alikuwa anaogopa watu wa msikitini kwake." Anakutetea. Nimemwacha akutetee.

Sivunji udugu. Ukija, mlango uko wazi na chakula utakula. Ila usije na maelezo. Njoo ukae na mwanao, umuulize wewe yale niliyomuuliza mie, umsikilize mpaka mwisho.

Nisalimie Ami Jaku, mwambie dawa yake ya miguu nimeipata, Rahimu anayo. Nibusie mtoto Mwatima, na umwambie nafurahi kusikia kasoma juzuu yake ya kwanza.

Wifi yangu Suhaila sikumpa salamu, na usidhani nimemsahau. Sabiri kanambia mama yake hajui lolote, la Unguja wala hili. Kila Ijumaa ananipigia kuniuliza, "Wifi, mwanangu hajambo?" Ijumaa iliyopita sikuweza kupokea hata simu yake. Ijumaa hii nitapokea, na akiniuliza nitamjibu kweli. Una siku chache za kumwambia kabla yangu. Mwite, mkae chini, umwambie kwa mdomo wako. Ukishamwambia, ndipo umpe na salamu zangu.

Mola akupe nguvu ya kulisema hilo, na ampe mwanetu afya na mwisho mwema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukasirikia,
Semeni