Kamera Iliyoona Upande wa Giza

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi picha za pasipoti tu. Wanafunzi wa chuo, foleni hadi barazani. Kila mmoja anataka masikio yaonekane na chunusi zisionekane. Kitambaa cha bluu kimepauka upande mmoja, nimekigeuza. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika.

Kamera mpya imefika kwa basi la Dar. Fulu fremu, ya jicho kubwa. Naandika hivyo ili nilione neno kwenye karatasi.

Nimeingoja tangu msimu wa tumbaku uliopita, na muda wote huo nikimvumilia Masanja wa studio ya ng'ambo ya barabara. "Kikamera cha kropu." Ndivyo anavyowaambia wateja wangu wakipita mlangoni kwake. Eti kamera yangu ina jicho dogo, inakata picha pembeni, inaona katikati tu kama mtu anayechungulia tundu la kufuli. Nani alimwomba somo? Kikamera hicho kimewapiga maharusi wa Gongoni na Cheyo miaka nenda rudi na sijaona aliyerudi kulalamika. Lakini maneno yanaingia. Mteja akishaambiwa kamera ya dada Tatu ni ndogo, basi hata picha nzuri anaiona ndogo.

Sasa na atafute neno jingine.

Jumatano, 9 Julai

Nimefunga mlango wa duka mchana, nikazima taa, nikapiga bila flashi. Ajabu. Ufagio kwenye kona. Msumari ukutani. Utando wa buibui juu ya kabati ambao sikujua kama nafuga. Jicho langu lilikuwa linaona giza tupu, kamera imeona duka zima.

Halafu inatuma picha yenyewe kwenye simu. Hakuna kuchomoa kadi, hakuna kungoja kompyuta iamke. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Kamera ya zamani nimeitoa betri, nimeiweka kwenye mkoba wake juu ya rafu.

Jumapili, 13 Julai

Nina hasira.

Nilikuwa Ulyankulu, kipaimara. Kanisa limejaa, watoto wamevaa nyeupe, wazazi wametoka mashambani tangu alfajiri. Nimepanga picha ya pamoja mbele ya kanisa, nimepiga na lenzi yangu ndefu niliyoizoea. Nikatazama. Kona zote nne nyeusi. Duara la picha katikati na giza pembeni, kama nimepiga kutoka ndani ya chungu.

Mama mmoja akachungulia kioo cha kamera. "Dada, wangu alikuwa amesimama hapa mwisho. Mbona ameingia gizani?"

Ningemjibu nini? Kwamba yule muuzaji wa Dar aliniapia lenzi zangu zote zinaingia? Zinaingia, naam. Zinafunga vizuri kabisa. Alichokificha ni kwamba ile ndefu imetengenezwa kwa kamera ya jicho dogo, picha yake haitoshi kujaza jicho kubwa. Alijua. Mtu anayeuza kamera kutwa anakosaje kujua?

Nimewarudisha watoto upya. Walikuwa wameshaanza kula pilau, nguo nyeupe zimeshaingia mafuta. Katekista ameninunia mpaka naondoka. Nimepiga kwa lenzi ya hamsini, ile fupi ya vyumbani, ndiyo pekee inayojaza picha yote.

Nimempigia muuzaji njia nzima ya kurudi. Hapokei. Wakati wa kuuza alikuwa anapokea kabla haijaita.

Alhamisi, 17 Julai

Jumamosi kuna shughuli kubwa Gongoni, ya hina. Bi Mgeni amekuja mwenyewe dukani kuniambia. Nimemwamkia, ameitikia marahaba na kuniuliza kama viatu vyangu vina kisigino, maana zulia la watu ni jipya. Ndivyo alivyo. Hana habari za mwali wala kamera mpaka azue jambo la kukukosoa.

Mimi naishi kwa mlango wa Bi Mgeni. Yeye ndiye somo wa mabinti wa mjini, anayewafunda, yeye ndiye anayesema nani aingie chumba cha wanawake na nani abaki nje. Masanja hata anunue kamera ya kuonea mwezini, mle haingii. Naingia mimi. Na naingia kwa sababu moja: katika picha zangu hajawahi kuonekana mwanamke asiyetaka kuonekana.

Utaratibu wenyewe hauandikwi popote lakini kila nyumba inaujua. Madirisha yanazibwa kwa mashuka. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinafunguliwa. Taa ya upande wa mwali inawashwa, ya upande wa pili inazimwa. Asiyetaka picha anakaa upande wa giza, na huko anacheza atakavyo. Mpigapicha anasimama kwenye nguzo ya kati, anapiga upande wa taa, flashi haielekezwi gizani. Basi. Mimi pale kwenye nguzo nikiwa na hamsini yangu najua hata nikifumba macho picha inaanzia wapi na kuishia wapi.

Bi Mgeni hukaa gizani siku zote. Hajapata kupigwa picha na mtu isipokuwa ya kitambulisho, na hiyo anaisimulia kama ugonjwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimechoka, nina furaha. Shughuli imeanza baada ya alasiri. Chumba kimejaa udi mpaka macho yanawasha. Sikutumia flashi hata mara moja! Mwali ametoka kama dhahabu, hina inaonekana mstari kwa mstari. Nilisimama pale pale kwenye nguzo yangu, hamsini mkononi, nikawa napiga tu huku nikipiga na vigelegele.

Rehema, dada wa mwali, hakunipa nafasi ya kupumua. Anataka picha sasa hivi, shangazi zao wa Kigoma wanangoja. Kwa kawaida nasema kesho, naenda kuzipitia moja moja kwenye kompyuta. Leo nikajiona bingwa. Nikazituma pale pale kutoka kwenye kamera, nyingi tu, zinaingia kwenye simu yake, watu wameduwaa. Kwenye kile kioo kidogo zote zilikuwa safi.

Jumapili, 20 Julai

Simu imeanza kabla sijanywa chai.

Bi Mgeni anaonekana. Nyuma ya mwali, pembeni, kichwa wazi, kanga imeteremka kiunoni, mikono juu. Si yeye tu. Ukuta mzima wa upande wa giza uko ndani ya picha, wanawake wa watu, nywele wazi, mabega wazi. Na Rehema amezitia zote kwenye kundi la simu la ukoo. Wajomba wamo. Mashemeji wamo. Mkwe wa Bi Mgeni, naye ni wa ukoo huo, yumo, na inasemekana ndiye aliyempigia mkewe kuuliza, huyu si mama?

Nimempigia Rehema afute. Amefuta. Ananiambia kwa sauti ndogo kwamba kosa ni langu, yeye alijua nimezichagua. Alinipa muda wa kuchagua? Alikuwa ananing'ang'ania kama kupe! Lakini leo amekuwa mtoto mdogo, hajui kitu.

Nimempigia Bi Mgeni. Imeita mpaka ikakoma.

Jumatatu, 21 Julai

Mji huu hauna dogo. Sokoni wanasema Tatu amenunua kamera ya kuvua watu nguo. Muuza asali ameniuliza kama kweli inaona mpaka ndani ya buibui. Mtu mzima! Nimemwambia inaona mpaka maji anayochanganya kwenye asali yake. Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Masanja amevuka barabara kuja kunipa pole. Pole! Amesimama mlangoni na soda yake, akasema kamera kubwa ina mambo yake, inataka mwenye kuijua. Miezi yote ananisimanga kwa kamera ndogo, nimenunua kubwa, nayo ni kosa. Nimemwambia anapoteza mwanga wangu, asogee.

Jumanne, 22 Julai

Sikufungua duka. Nimeirudishia betri kamera ya zamani, nikaifungia hamsini, nikasimama mlangoni nikapiga kabati. Kisha hamsini ile ile kwenye mpya, nimesimama pale pale, sikusogeza hata unyayo.

Ya zamani: kabati tu. Mpya: kabati, kiti, ndoo, na nusu ya dirisha.

Basi ndiyo hiyo. Lenzi moja, mahali pamoja, na picha imepanuka pande zote. Miguu yangu ilikuwa inapima kwa kamera ya zamani. Na pale pembeni kulipokuwa na giza, kamera hii haina habari na giza. Ule utaratibu wote wa taa moja kuwaka na moja kuzimwa ulikuwa unategemea kamera isiyoona. Na mimi nilijua! Niliuona utando wa buibui kwa macho yangu, siku ya pili tu. Nikacheka kama chizi, nikaenda kulala.

Nimemtukana muuzaji wa Dar. Nimemtukana Rehema, Masanja na muuza asali. Wamekwisha. Nimebaki na yule aliyebonyeza.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda Cheyo kwa Bi Mgeni, na kamera zote mbili na kompyuta kwenye mkoba. Nimemwamkia shikamoo. Hakuitikia. Katika umri wangu wote sijapata kunyimwa marahaba. Nilisimama pale ukumbini kama nimemwagiwa maji.

Mkwe wake ametuma ujumbe, hatakuja na wajukuu mwisho wa mwezi kama walivyopanga. Amesema kazi zimembana. Hiyo aliniambia Bi Mgeni mwenyewe, akitazama mlango, kisha akasema nizitoe picha.

Nimemwonyesha moja moja, zile zilizotumwa na zisizotumwa. Kila moja anasema futa. Nafuta kwenye kadi, nafuta kwenye simu yangu, nafuta kwenye kompyuta, yeye anatazama kidole changu. Hata mwali mwenyewe alikwenda na maji, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na bega la mtu.

Tukafika kwenye moja. Haikuwa kati ya zilizotumwa, hakuna aliyeiona, hata mimi sikuwa nimeitazama. Mwali yuko pembeni, amekatwa. Katikati ni Bi Mgeni. Amegeuza uso kwenye mwanga kidogo, nywele zake nyeupe zimefumuka mpaka mabegani, anacheka kinywa wazi, na pengo linaonekana. Tangu nianze kazi hii sijapiga picha iliyoipita hiyo. Nasema hivyo hapa tu.

Ameishika kamera mwenyewe. Alikaa nayo muda mrefu hadi kioo kikazimika, akanirudishia niwashe, akatazama tena.

"Futa," akasema.

Nilitaka kumwomba tuibakize. Nikafuta.

Amenipeleka hadi mlangoni.

Ijumaa, 25 Julai

Harusi mbili zimejitoa. Moja imekwenda kwa Masanja, ya ukumbini, wanaume na wanawake pamoja. Ya pili wamesema hawatapiga picha kabisa ndani, heri wakumbuke kwa kichwa.

Nimekasirika hadi nimelia. Nimefuta kila kitu, nimekwenda kwa mtu nyumbani, nimesimama nimenyimwa salamu. Wanataka nini tena, niivunje kamera sokoni? Zile simu zao zote zilizoisambaza picha bado wanazo mikononi, hakuna aliyezitukana simu.

Jumatano, 30 Julai

Pasipoti. Vumbi. Upepo wa Julai umeanza kuingia na mchanga, nimefunika lenzi kwa leso.

Baada ya adhuhuri Bi Mgeni amekuja. Nimemwamkia. "Marahaba," akasema, akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kitambaa cha bluu. Alikitazama kitambaa akaniambia kimepauka.

Kisha akauliza kama kweli nilifuta zote. Nikasema kweli, ulikuwa unatazama. Akasema hawa watu wa mitambo huwa wanabakiza, wanaficha mahali. Nikamwambia Wallahi Bi Mgeni, hata moja.

"Hata ile?"

"Hata ile."

Akaitikia kwa kichwa. Akaitengeneza shela yake, ambayo haikuwa imeharibika. Nilidhani atafurahi.

"Mama yangu hakupigwa picha mpaka anakufa," akasema. "Nilikuwa nimeanza kumsahau sura. Ile siku nikamwona, kwenye kioo cha kamera yako."

Nikamwambia akae nimpige nyingine, tufunge mlango, tuzime taa, tuwe sisi wawili tu. Alikubali. Alifungua nywele mwenyewe. Nikapiga, akatazama, akasema huyu ni Mgeni tu, mama hayumo. Nikapiga tena, nikamtania ili acheke, akacheka kwa adabu. Akasema inatosha, futa. Nikafuta.

Akijifunga buibui mlangoni amesema Jumamosi kuna shughuli ndogo kwa jirani yake Cheyo. Nije, na niwe na ile kamera ya zamani.

Nimeiweka betri yake kwenye chaji. Halafu nimekaa na kile kikadi cha kamera mpya, nimekipitia chote, mwanzo hadi mwisho, ingawa najua ile haimo. Kuna kabati, ufagio, watoto wa kipaimara wenye madoa ya pilau. Nimefunga duka mapema.