Masaa Matatu Baada ya Kula

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefika Bellaria, pwani. Masaa manne kutoka Parma, kwa safari ya masaa mawili. Samuele katapika Bologna, katapika tena Imola. Elettra hajafungua mdomo njia nzima. Ana miaka kumi tu na tayari ananuna kama mtu mzima aliyedhulumiwa.

Mama mkwe wangu, Argia, yuko hapa tangu Julai. Tumemkuta mlangoni na aproni yake. "Mmechelewa. Tambi zimekuwa uji." Akawabusu watoto mpaka wakakosa pumzi. Mimi akanitazama juu mpaka chini: "Umekonda, Katia. Huli?" Nakula, Mama. Nimechoka tu.

Fleti ile ile, vyumba viwili. Sofa ile ile yenye chuma kinachochoma mbavu. Mchanga wa mwaka jana bado umo kwenye droo ya vijiko!

Nimejiapiza: nitamwambia kabla ya Ferragosto, sikukuu ya tarehe kumi na tano. Siku kumi na mbili. Zinatosha kwa sentensi moja — Septemba nahamia Ujerumani na watoto.

Jumapili, 4 Agosti

Saa mbili asubuhi tuko ufuoni. Mwavuli nambari ishirini na mbili, mstari wa pili. Ni wetu tangu Fausto, mume wangu, ana miaka minne. Miaka thelathini na nane! Fausto nimemzika, mwavuli upo.

Hapa kwa Oriano, mwenye ufuo, mwavuli haukodiwi, unarithiwa. Ferragosto mchana atapita na daftari lake, mwavuli kwa mwavuli: mwakani mpo? Ukisema ndiyo, ni wako. Ukisema hapana, kuna familia za Milano zinaungojea mstari wa pili kama watu wanaongojea kiti cha enzi. Sijawahi kusikia mtu akisema hapana. Watu hufa tu.

Ndiyo maana lazima ajue kabla. Siwezi kukaa pale nimsikilize akisema "ndiyo, mimi na wajukuu zangu", huku najua wajukuu hawapo.

Bi Tosca wa mwavuli ishirini na tatu hajabadilika. Hata salamu hajamaliza: "Katia! Bado hujapata mtu?" Miaka miwili na nusu tangu mazishi. Kabla sijajibu, Argia akamjibia: "Tosca, paka mafuta, pua yako inaungua." Nilitaka kumkumbatia. Nampenda huyu mwanamke. Ndiyo shida yenyewe.

Jumanne, 6 Agosti

Leo ugomvi wa masaa matatu. Ni ule ule wa kila mwaka.

Sheria ya Argia: ukishakula, hugusi maji mpaka masaa matatu yapite. Si mawili na nusu. Ana saa ya kengele, ya kutia ufunguo, anaitundika kwenye mti wa mwavuli. Tunakula saa saba. Mpaka saa kumi watoto wamekaa kivulini kama wafungwa, bahari iko hatua thelathini.

Samuele: "Bibi, nimekula pichi moja tu!"

"Binamu yangu wa Reggio naye alikula pichi moja tu."

"Ikawaje?"

"Ikawa hatukumwona tena."

Elettra akasema ameuliza daktari wa shule, hayo mambo hayana ukweli. Argia hata hakuinua macho kwenye karata. "Daktari wako ana miaka mingapi? Mimi baba yako nilimlea na masaa matatu, na baharini hakufa."

Kweli, baharini hakufa. Alikufa ofisini, Februari, saa nne asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi. Argia akagawa karata upya. Saa kumi kamili kengele ikalia, watoto wakatoka mbio na yeye akawafuata mpaka maji yalipomfika kwenye vifundo vya miguu. Hapo ndipo mwisho wake. Miaka thelathini na nane, hajavuka vifundo.

Jumatano, 7 Agosti

Kaka yangu kapiga simu kutoka Stuttgart. Karakana ya meno bandia wananisubiri tarehe tisa Septemba. Meno bandia ni meno bandia, anasema, Mjerumani anatafuna kama sisi. Parma nimetafuta miezi kumi na nne tangu karakana yetu ifungwe. Kumi na nne! Hata mimi nimechoka kusikia maelezo yangu.

Jioni, bafuni, nikiwaosha mchanga, namfundisha Samuele anwani mpya. Ni mtoto wa kupotea huyu, alipotea hata kanisani siku ya ubatizo wa binamu yake. Mkiulizwa mnakaa wapi? "Mtaa wa Linden, nambari tisa, Stuttgart!" Vizuri. Polepole, Bibi asisikie.

Elettra mlangoni na taulo: "Kwa hiyo kusema uongo ni vibaya, isipokuwa ukisema wewe."

Si uongo, nikasema. Bado sijasema tu.

"Haya."

Hiyo "haya" yake! Nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea mpaka maji yakapoa.

Ijumaa, 9 Agosti

Nilikuwa karibu. Tunamenya maharage barazani, watoto wamelala mchana. Nikaanza: "Mama, nataka tuzungumze jambo." Akaniwahi: "Na mimi pia." Nikadhani anajua.

Hajui. Alitaka kuniambia amefikiria kumwandikisha Elettra masomo ya kuogelea mwakani, kwa yule kijana wa ufuo wa jirani, na kwamba Samuele mwakani atafaa kulala kwenye kitanda cha baba yake, ameshakinunulia godoro jipya. Mwakani, mwakani, mwakani. Kila ganda la haragwe, mwakani moja.

"Na wewe ulitaka kusema nini?"

Nikasema shampuu imekwisha.

Jumamosi, 10 Agosti

Joto. Nimefua mara mbili. Sijamwambia.

Jumatatu, 12 Agosti

Njia ya mwongo fupi. Sikujua kwamba ina vipaza sauti.

Niandike kwa utaratibu. Saa tano asubuhi Samuele alikwenda kuosha ndoo. Nilikuwa nampaka Elettra mafuta mgongoni. Niligeuka, hayupo. Ndoo ipo, mtoto hayupo. Nilikimbia kaskazini, Elettra kusini, Argia akabaki mwavulini akishikilia ule mti kama yuko merikebuni. Miavuli yote inafanana! Watoto wote wana chupi za kuogelea, wote wana vichwa vyeusi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mlinzi wa waogeleaji akasukuma mashua yake nyekundu majini. Nikarudi mwavulini, labda amerudi. Hakurudi.

Ndipo vile vipaza sauti vya ufuoni vikakohoa. Ni vile vile vinavyotangaza sarakasi na maduka ya fanicha, mlingoti kwa mlingoti, kilomita na kilomita. Yule mama wa matangazo, sauti ya asali:

"Tangazo. Tunaye hapa mtoto wa kiume, jina lake Samuele, miaka sita, chupi ya njano yenye papa. Mtoto ametoka Ujerumani. Anakaa Stuttgart, Mtaa wa Linden, nambari tisa. Wazazi wafike ofisi ya ufuo nambari sitini."

Akarudia. Kisha akarudia kwa Kijerumani, kwa faida ya wazazi.

Bi Tosca akatikisa kichwa: "Maskini, Mjerumani mdogo! Hao nao wakishapata bia, hawajui hata wamekuja na watoto wangapi." Kisha: "Ana jina kama la Samuele wenu."

Argia alikuwa anavaa kandambili ili atoke kutafuta. Mguu mmoja umevaa, mmoja bado. Ile chupi ya njano alinunua yeye, Juni, sokoni Parma. Aliishonea lastiki mpya kwa mkono wake. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile hata siku ya mazishi.

"Nenda kamchukue Mjerumani wako," akasema.

Nilimkuta juu ya meza ya ofisi anakula aiskrimu, anachezesha miguu, hana habari. Aliponiona uso ukamng'aa: "Mama! Nimesema yote bila kukosea!"

Nikamwambia amefanya vizuri sana. Ningemwambia nini?

Jumanne, 13 Agosti

Hasemi. Kapika, kapiga pasi, kafuta sakafu. Kapiga pasi hata taulo za kuogea! Anawaambia watoto kuleni, vaeni kofia. Mimi ananipa chumvi kabla sijaomba. Nilisema, "Mama, nikueleze." Akafungua bomba la maji.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Heri angenipiga na mwiko, tukamaliza.

Saa kumi kengele ililia kama kawaida.

Jumatano, 14 Agosti

Bado kimya, mpaka saa moja jioni. Tuko jikoni, anapanga tabaka za lazanya ya kesho. Tambi, mchuzi, krimu, jibini. Mgongo kwangu.

"Stuttgart kuna bahari?"

"Hakuna, Mama."

Tambi. Mchuzi.

"Mto?"

"Upo."

"Mto si bahari."

Nikamweleza yote hapo hapo, nyuma ya mgongo wake. Karakana, miezi kumi na nne, kaka yangu, shule iliyokwisha kuwaandikisha. Kwamba niliogopa. Kwamba nikimtazama yeye namwona Fausto, na ningewezaje kumwambia Fausto nachukua watoto naondoka? Kwamba tutakuja — Krismasi, Pasaka. Nilisema "tutakuja" mara nyingi mpaka nikajisikia haya.

Alimimina krimu ya mwisho, akaisawazisha kwa kijiko mpaka pembeni.

"Ungeniambia Juni," akasema. "Ningekuwa na Julai nzima ya kulia. Sasa watoto wako hapa, nitalia saa ngapi?"

Akafunika sinia kwa karatasi ya alumini, akaenda kulala bila kula. Mimi nikaoga muda mrefu, bomba wazi, nisisikike nikilia.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimo chini ya mwavuli, naandika nyuma ya daftari la michezo la Elettra, shajara nimeiacha fletini. Nitahamishia. Lazima niandike sasa hivi.

Tulikula saa saba. Lazanya nzima, moto bado, kwenye sahani za plastiki. Samuele kala vipande viwili. Tikiti maji. Bi Tosca kaleta maandazi ya krimu, na watoto wakala hayo pia. Ufuo mzima umeshiba, unakoroma. Argia hakugusa kitu, alikuwa anawatazama wakila.

Saa nane kasoro robo akaja Oriano na daftari lake na kalamu sikioni. Ishirini na moja, mpo? Tupo. Kisha kwetu. Kofia mkononi, kama kila mwaka.

"Bi Argia! Ishirini na mbili. Niandike kama kawaida?"

Miaka thelathini na nane amejibu yeye. Hata marehemu baba mkwe hakuwahi kujibu. Leo akafuta makombo kwenye mapaja.

"Muulize mama yao. Mwavuli ni wa watoto."

Oriano akanigeukia. Bi Tosca akaacha kutafuna. Nikaanza kukusanya sahani za plastiki. Oriano ni mtu mzima, anajua kusoma nyuso. "Si neno, Bi Katia, namalizia mstari wa nyuma, nitarudi."

Ndipo Argia akasimama. Akavua gauni lake la maua. Ndani kavaa vazi la kuogelea jeusi ambalo sijapata kuliona, bado lina kikaratasi cha bei kwapani. Miguu yake myeupe! Mkufu wa dhahabu shingoni, pete, kila kitu. Akanyoosha mikono miwili.

"Haya. Twendeni majini."

Watoto hawakusogea. Samuele aliitazama ile saa kwenye mti, akanitazama mimi, kana kwamba ni mtego. Elettra ndiye aliyesema: "Bibi, tumekula sasa hivi. Bado masaa matatu."

"Masaa matatu, masaa matatu! Nitayatoa wapi mimi?"

Akawashika mikono. Bi Tosca akaita, "Argia! Umerukwa na akili? Lazanya hiyo!" Hakugeuka. Wamepita mstari wa kwanza, wamepita watu waliolala, bahari yote ni tupu, hakuna mtoto mwingine hata mmoja. Maji yakamfika vifundoni. Nikadhani atasimama pale. Hakusimama. Magotini. Mapajani. Samuele anapiga mayowe ya furaha. Elettra kamshika bibi yake kiunoni kwa mikono miwili, sijui nani anamzuia nani asizame.

Sasa maji yamemfika kifuani. Mkufu unaelea. Amewageuza watoto upande wangu, ananipungia mkono. Ananiita. Nami nimeshiba lazanya, nina kalamu mkononi, nalia mbele ya Bi Tosca.

Oriano amemaliza mstari wa nyuma. Namwona anarudi, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wetu. Yuko mwavuli wa kumi na tisa.

Wa ishirini.