Uani kwa Anjelina

Kikole, Kilwa
14 Novemba 1994

Kwa binti yangu Naima,

Assalaam alaykum. Mimi mama yako sijambo, ila magoti ndiyo yale yale. Sijui wewe huko Lindi, na mume wako Majid, na mjukuu wangu Maftaha, kikohozi kimemwachia? Bibi yako hajambo, macho tu, anauliza kama umenenepa. Shangazi yako Moza hajambo, wanawe hawajambo, yule mdogo kaanza kutambaa. Jirani Stefania anakusalimu sana. Baba yako naye tuseme hajambo, maana anatembea na anakula, lakini yeye ndiye aliyenishikisha kalamu hii.

Mwanangu, baba yako kabadilika. Tangu hawa wanunuzi wapya wa korosho wakae Nangurukuru, kila siku yuko huko, hata akiwa hana korosho ya kuuza. Kahamia kulala barazani, anasema ndani joto. Joto gani lililoanza mwaka huu? Kikoi chake anafua mwenyewe, anakianika nyuma ya banda la mbuzi. Wewe ulishamwona baba yako na sabuni?

Juzi nakung'uta koti lake nikakuta vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu nyeusi, vya lile duka jipya la dawa. Nikamwonyesha Stefania. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Naima, hizi za kisonono! Mzee wako bado kijana!" Nikacheka naye, kisha vile vidonge nikavirudisha kotini. Akaniambia tena, mume wake kamwona baba yako kwa mwanamke wa Kimakonde anayepika wali pale kituo cha mabasi, Anjelina. Wala hali chakula. Anapita jikoni, anaingia uani, anakaa, anatoka. Haupiti muda anaingia tena. Kama kwake.

Nikiona hayatengemai nakwenda Milola kwa mjomba wako Hasani, na talaka yangu nitaidai nikiwa huko. Usimwambie baba yako kama nimekuandikia.

Mama yako mzazi

*

Lindi
27 Novemba 1994

Shikamoo mama yangu,

Sisi wazima. Majid anakuamkia, Maftaha kapona, anakula mpaka tunamkimbizia sahani. Msalimie bibi, mwambie sijanenepa, nimevimba tu kwa kazi. Shangazi Moza na wanawe nawasalimu.

Mama, barua yako nimeisoma nimeketi. Nakuomba usiende Milola kwanza. Nilikwenda kwa muuguzi mmoja hapa, nikamweleza bila kutaja jina. Akasema vidonge vile si vya kisonono peke yake, vinatibu hata jipu. Na mtu akiugua njia ya mkojo huenda duka la dawa akauziwa vivyo hivyo, bila kupimwa.

Akaniambia nikuulize haya. Baba anakwenda haja ndogo mara nyingi? Akienda anakawia? Mkojo unatoka kwa nguvu au unadondoka? Umewahi kuona damu kwenye kikoi? Mwanamume akizibika mkojo anaona aibu, mama, anajificha kama mwizi. Na anaweza kufa nao.

Mchunguze kabla hujamhukumu.

Mwanao Naima

*

Milola
18 Desemba 1994

Naima,

Salamu. Mjomba wako Hasani hajambo, mkewe hajambo. Mimi niko kwao, kama unavyoona hapo juu.

Maswali yako nimeyasoma. Mimi nikasimame mlango wa choo nisikilize mume wangu anavyokojoa? Hata hivyo kikoi nilikiona. Kina damu. Nikamuuliza, "Likwata, hii nini?" Akanijibu, "Ya mbuzi." Tumechinja mbuzi gani? Nikamuuliza na habari ya Anjelina. Akaniangalia, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Hakukana hata kidogo. Mtu asiye na kosa hakimbii swali.

Wewe na baba yako mmepangana, naona. Tangu mdogo ulikuwa wake. Nasubiri wazee wakae, mwezi huu au ujao.

Mama

*

Lindi
30 Desemba 1994

Shikamoo mama,

Wote wazima. Sijapangana na mtu. Lakini kama ni damu, hilo si la wazee, ni la hospitali. Huyo Anjelina hajafichwa, yupo kituoni mchana kweupe. Ukipita Nangurukuru shuka umuulize mwenyewe. Akikiri, mimi nitakuja kukuchukua, ukae kwangu.

Mwanao Naima

*

Kikole
22 Januari 1995

Kwa binti yangu Naima,

Assalaam alaykum. Huku bibi yako hajambo, Moza hajambo, wanawe hawajambo. Nauliza hali yako, na Majid, na Maftaha.

Nilishuka Nangurukuru kama ulivyosema, kabla wazee hawajakaa. Nilijifunga kanga vizuri, nilikwenda kwa shari. Nikamkuta mwanamke mnene anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mimi ndiye mke wa Likwata." Akaweka ungo chini. "Ah, mama, afadhali umekuja! Huyo mzee hajala kwangu hata uji. Anakuja kuomba choo. Wenye maduka wote walimfukuza, kila saa anarudi. Anakaa humo mpaka nadhani kazimia, akitoka ni jasho tupu. Leo hajatoka tangu asubuhi."

Naima, alikuwa humo humo. Nilimwita, akanijibu kwa sauti ya mtoto. Tumbo la chini limejaa kama ngoma, tone halitoki. Anjelina ndiye aliyesimamisha gari la korosho likatupeleka hospitali. Wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Beseni lilijaa, mkojo mwekundu kama maji ya maua ya choya.

Daktari kasema ni kichocho, kile cha kuoga na kulima kwenye maji ya bwawa, kimemkaa miaka mingi mpaka kibofu kimekuwa kigumu. Vile vidonge vya dukani haviui wadudu wa kichocho. Nikamuuliza baba yako mbona alinyamaza. Akasema, "Tulipokuwa vijana sote tulikojoa damu. Wakubwa walitushangilia, wakasema tumeshakuwa wanaume. Iliporudi nikaona ni ile ile. Maumivu yalipoanza nikaona haya usinisikie nyumbani."

Sasa daktari anasema kibofuni pana kitu, hajui ni jiwe au ni uvimbe mbaya. Lazima apelekwe Lindi wamtazame ndani. Baba yako hataki. Anashuku mimi na daktari tumepatana wamhasi, eti kulipiza yale yaliyonipeleka Milola! Anasema atakubali kama Majid ataingia naye, mwanamume mwenzake.

Kwa hiyo Majid aulize siku anayokaa huyo daktari wa kibofu, na kama atapata ruhusa kazini. Mpira hautakiwi kukaa sana. Jibu usilipeleke posta, mpe kondakta wa basi, amkabidhi Anjelina mkononi. Yeye si wa kukalia barua, ataileta siku hiyo hiyo. Fanya upesi, mwanangu.

Mama yako mzazi