Kinanda Chenye Mahali pa Kushika

Nyumba ya nyuma ya kinu cha zamani,
Straldzha,
29 Septemba 2018.

Mpendwa binamu yangu Radko,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na ningekuwa na wa tatu nao ungekusalimu. Hujambo wewe? Mgongo unakubaliana na hilo lori lako au bado mnagombana? Shemeji Snezhana ameshaamka kitandani, anakula vizuri? Na huyo mgeni wenu mpya, analia kwa sauti nene au nyembamba? Niandikie usisahau, maana kwetu hilo ni jambo la kitaalamu. Hakuna aliyekulaumu kwa kukosa harusi. Mwanaume anayemwacha mkewe anajifungua ili aje kucheza ngoma ya horo, huyo hata mimi ningemfukuza getini.

Sisi huku wazima kabisa. Ginka wangu anachoma pilipili hoho tangu asubuhi, mikono myekundu mpaka viwiko, na ukimkaribia anakupa kazi. Mimi nimenenepa kidogo lakini inanipendeza, watu wamesema.

Baba yako ni mzima kuliko anavyojiliza kwenye simu. Tangu kile kiharusi cha majira ya baridi mkono wa kulia umelala mapajani kama paka, na pembe moja ya mdomo inavuja hewa, kwa hiyo klarineti haipigiki tena. Lakini ulimi uko salama salimini. Jana tu ameniita pipa.

Sasa swali lako. Unataka kutengeneza studio ndogo chini ya nyumba yako huko Kanada, na unaniuliza ununue vinanda vya kushika, vyenye vifungo na uzito wake, au hizi programu za kuweka kwenye kompyuta. Radko, umemuuliza mtu mwenyewe! Mimi nimepiga Istanbul, nimepiga Vienna, nimepiga kwenye meli ya watalii mtoni Danube mpaka Mjerumani mmoja akalia miwani ikamdondokea kwenye supu. Shule niliiacha mapema kwa sababu akordioni ilikuwa inanisubiri nyumbani, lakini kwa mambo haya mimi ni profesa. Jibu lako ninalo. Ila limepitia kwenye harusi ya mpwa wako Velislava, kwa hiyo kaa, mimina rakiya, unisikilize.

Mimi nami nilikuwa natengeneza studio yangu, kule chini tunakoweka vyakula vya majira ya baridi. Spika ikinguruma kidogo tu, chupa za lyutenitsa, ile sosi ya pilipili hoho ya Ginka, zinacheza kwenye rafu. Nimeweka kinanda changu kile kikubwa cha harusini, unakikumbuka, kile kilichomwagiwa bia Sliven kikazidi kuwa kitamu. Nikawa nafikiria kuongeza kingine. Ndipo akaja Plamen, mchumba wa Velislava, fundi wa kompyuta kutoka Burgas, kijana mwembamba mwenye adabu, kompyuta mpakato kaikumbatia kwapani kama mtu aliyetumwa mkate.

"Mzee Zhivko, usinunue kitu. Humu ndani kuna vinanda vyote vya dunia, na zurna, na klarineti za kila namna. Huhitaji hata kubeba."

"Kwanza mzee ni nani? Niite kaka. Pili, kikinikasirisha nitakipiga ngumi wapi?"

Akacheka. Nikampenda hapo hapo, ila sikumwonyesha.

Sasa unajua mambo ya kwenu. Kila bibi harusi wa ukoo huu ametolewa getini na klarineti ya baba yako. Anapiga ule wimbo wa polepole wa kuagana, wimbo ukiisha bibi harusi anapiga teke chungu cha shaba, maji yanamwagika, horo inaanza. Alimtoa dada yako Zlatka hivyo, alimtoa hata Ginka wangu, maana kwao hakukuwa na mpigaji wa maana. Zamu ya Velislava imefika, mkono umelala. Plamen kwa moyo safi kabisa akasema mezani kwamba kompyuta inaweza kupiga klarineti getini, na hakuna atakayejua tofauti.

Baba yako, mjomba Stamen, akaweka kijiko chini. "Basi kompyuta impe na baraka pia. Mimi nitabaki chumbani na televisheni."

Tulidhani utani. Kesho yake akamwambia Zlatka asimpigie shati pasi. Kusikia hivyo, Velislava naye, damu ile ile, akasema: "Babu asipokuwa getini mimi sitoki. Plamen atahamia hapa, atalala na mapipa ya kabichi." Plamen akawa mweupe kama jibini. Na mama yake Zlatka, maskini, akawa analia jikoni akisingizia vitunguu.

Nikaona hapa pana kazi ya mwanaume. Nikamshusha mjomba studioni, nikamkalisha kwenye kiti chenye mito, nikamwambia, hebu sikia kwanza ndipo uhukumu. Plamen akaanza na rachenitsa. Alikuwa amerekodi ngoma vizuri tu kwa vidole vyake, kisha kompyuta ikamsaidia kunyoosha makosa. Na ilinyoosha! Rachenitsa unaijua: hatua fupi, hatua fupi, halafu moja ndefu, na hiyo ndefu ndiyo raha yake. Kompyuta ikaona huyu wa tatu amechelewa, ikamrudisha kwenye mstari. Hatua zote sawasawa, kama askari wanakwenda kuoga.

Baba yako akasikiliza, kichwa kimeinama. "Ngoma hii imezaliwa inachechemea. Nyie mmeipeleka kwa daktari."

Nilicheka mpaka nikashika rafu. Plamen akauliza kwa adabu inachechemea kiasi gani, babu. Mjomba akajaribu kumpigia gotini kwa mkono wa kushoto, mara hivi, mara vile, na kila mara ile ndefu inakuwa na urefu mwingine. "Inategemea nani anacheza na amekunywa nini." Kijana hakukasirika. Alizima ule unyooshaji, akarekodi upya akimtazama mjomba goti. Hapo hata mguu wa mzee ukaanza kutikisika.

Klarineti ikawa taabu nyingine. Ile ya kwenye kompyuta ilikuwa safi mno, kama mfamasia anakusomea dawa. Plamen akaomba kaseti za zamani, zile za harusi ulizoziacha wewe kwenye sanduku la viatu. Akakata sauti za baba yako moja moja, akazipanga kwenye kompyuta, na Radko, alipobonyeza, nywele zilinisimama. Ni yeye! Ule ukwaruzo wake, zile pumzi. Lakini haikulia. Sauti ilikaa tu mahali pake. Plamen akasema kilio kinawezekana, akashika kipanya akaanza kuchora mistari kwenye kioo, inapanda, inashuka.

"Anafanya nini?" mjomba akauliza.

"Anachora kilio, mjomba."

"Mimi nimelia maisha yangu yote bila penseli."

Hapo nikasema tokeni, bwana mkubwa anaingia. Nikahamisha sauti zile kwenye kinanda changu. Unajua pale pembeni kushoto kina kile kijiti cha kuvutia sauti. Ukikivuta sauti inateleza, ukikiachia kinaruka chenyewe kurudi katikati na sauti inarudi mahali pake. Kwa kijiti hicho mimi nimewaliza watu wa nchi nyingi. Mkono wa kulia kwenye funguo, wa kushoto kwenye kijiti, nikapiga wimbo wa kuagana kwa moyo wangu wote.

"Unalia kama mtu aliyeibiwa baiskeli," akasema baba yako.

Na kabla sijamjibu, akanyoosha mkono wake mzima, akausukuma wangu kama unavyomfukuza inzi, akakishika kile kijiti. "Piga."

Nikapiga. Mwanzoni tulikuwa kama watu wawili ndani ya suruali moja. Yeye anavuta nimeshahama, mimi nahama hajavuta. Akanitukana, nikamtukana. Kisha nikagundua kwamba kabla ya kila kipande anavuta pumzi puani na bega linanyanyuka, kama vile klarineti iko mdomoni. Nikaacha kutazama funguo, nikatazama bega. Radko, ndugu yangu! Ilikuwa ile sauti ya getini kwetu. Plamen amesimama kwenye kona na kipanya chake mkononi. Kule juu Ginka akapiga kelele ngazini: "Nani amemponya Stamen?" Mjomba akajibu mwambieni Zlatka apige pasi lile shati.

Jumapili tukatoa waya dirishani, tukaweka kinanda na viti viwili karibu na geti. Upande wa bwana harusi wamefika, wameshabishania kiatu cha bibi harusi mpaka wakakijaza pesa, wameshaingia, wameshalewa kidogo. Velislava akatoka na lile gauni, chungu cha shaba kimewekwa mbele yake kimejaa maji na maua. Bega la mjomba likanyanyuka. Tukaanza.

Sitakudanganya, hata nikiwa na sifa ya kudanganya. Uwanja wote uligeuka kututazama, mpaka kuku. Tukafika mwisho, sauti ile ya mwisho ambayo inateremka kidogo kisha inapanda kutulia, ndipo bibi harusi apige teke. Mjomba akaivuta ikateremka. Nikasubiri aachie. Haachii. Nikadhani mkono umegoma, nikamtazama, wapi! Ameshika kwa nguvu, macho kwa Velislava.

Kwa klarineti pumzi ilikuwa inamwishia, ikabidi amwachie msichana aende. Kinanda hakina pumzi ya kumwishia. Kidole nimeshakishusha siwezi kukinyanyua, sauti inaning'inia pale chini, haijafika nyumbani. Velislava amenyanyua mguu, kiatu kiko hewani. Wageni hawajui wapige makofi au wavue kofia. Dada yako amejifunika uso kwa kitambaa. Na mimi, pipa zima hili, machozi yananidondokea kwenye funguo.

Mwishowe Velislava akasema, sauti ndogo, "Babu, niachie basi."

"Nenda. Nani amekushika?"

Akafungua vidole. Kijiti kikaruka, sauti ikapanda ikatulia, na msichana akapiga lile teke chungu kikavuka mpaka kwa jirani.

Basi hilo ndilo jibu lako. Programu weka, ni nzuri, bila kijana yule na kompyuta yake sauti ya baba yako ingebaki kwenye sanduku la viatu. Lakini nunua na kimoja cha kushika, hata kikuukuu, chenye kijiti kigumu ambacho mtu anaweza kukikamata na kukataa kukiachia.

Zlatka anakusalimu, Velislava na Plamen wanakusalimu, wako Burgas na wanalala mpaka saa sita mchana. Ginka anasema mtoto avalishwe kofia. Baba yako anamwombea mjukuu wake kifua kipana na masikio mazuri, na kwako anasema uje mwaka ujao ushike funguo wewe, kwa sababu mimi ninampigia haraka mno.

Mungu aiweke nyumba yenu iwe na joto na kelele nyingi za furaha.

Wako akupendaye, na anayependwa na wengi,

Zhivko